Casanova Akifika Babati, Nani Atalipa?

Mwaka 2005 mwongozaji wa Kiswidi, Lasse Hallström, alitoa filamu ya Casanova, kichekesho cha zama za kale kilichopigwa Venice kwenyewe, katikati ya mifereji na majumba ya mji ule. Heath Ledger ndiye Casanova, mwanamume ambaye dunia nzima imelifanya jina lake kuwa msemo wa kupenda wanawake. Sienna Miller ni Francesca Bruni, msomi anayetetea haki za wanawake kwa maandishi anayoyatoa kwa jina la kiume. Jeremy Irons ni Askofu Pucci, aliyetumwa kutoka Roma kuja kumnasa mzinzi. Oliver Platt ni Papprizzio, tajiri mnene wa mafuta ya nguruwe kutoka Genoa, aliyeposa binti ambaye hajawahi kumtia machoni. Kwa dakika 112 watu wanabadilishana majina, wanavaa vinyago, wanaruka madirishani, na mwishowe kila mmoja anapata wa kumfaa.

Aliyeitengeneza hakumfikiria mtazamaji wa Babati. Hata hivyo filamu za Ulaya na Marekani zimekuwa zikitufikia miaka yote, kwanza kwa kanda, kisha kwa diski, kisha kwa flashi, na sasa kwa simu. Zikifika zinakuta watu wanaojua mapenzi yana gharama gani na ni nani hubebeshwa gharama hizo. Ndiyo maana naona filamu hii inastahili kuchambuliwa huku. Kichekesho cha mpenzi mashuhuri kinachekesha kwa sababu gani? Kinapoteza nini na kinapata nini kikivuka bahari? Na kwa nini sisi, wenye historia na wachekeshaji wa kutosha, hatujakitengeneza cha kwetu? Maswali haya matatu naona yanarudi kwenye hesabu moja tu, nayo ni nani analipa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Giacomo Casanova alizaliwa Venice tarehe 2 Aprili 1725, mtoto wa waigizaji. Alisomea sheria Padua, akajaribu upadri, akajaribu jeshi, akapiga fidla, akacheza kamari, akajifanya mganga kwa wenye fedha. Julai 1755 serikali ya Venice ilimkamata na kumtia katika gereza lililokuwa juu kabisa ya kasri, chini ya paa la risasi. Usiku wa kuamkia Novemba mosi, 1756, alitoboa paa hilo akatoroka. Huko Paris alikuwa miongoni mwa walioanzisha bahati nasibu ya serikali. Uzee ulimkuta Bohemia, sehemu ya Jamhuri ya Czech ya leo, akiwa mkutubi wa kabaila mmoja katika mji wa Dux. Mpweke, mgonjwa, akidharauliwa na watumishi wa nyumba, akakaa chini akaandika maisha yake kwa Kifaransa, kurasa zipatazo 3,700 za mwandiko wa mkono. Alifariki tarehe 4 Juni 1798. Mwaka 2010 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilizinunua karatasi hizo kwa zaidi ya yuro milioni 7.

Wanawake anaowataja humo wanapita 100. Wapo waliompenda kwa hiari yao, wapo waliomzidi ujanja wakamwacha mikono mitupu, na wapo aliowakumbuka kwa heshima hadi kufa kwake. Lakini yumo pia binti wa mkulima mtwana wa Urusi, mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye Casanova anasimulia pasipo haya kwamba alimnunua kwa baba yake kwa rubli 100. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyekulia kwenye nchi ambayo misafara ya watumwa ilikatiza, hawezi kuupita ukurasa huo kana kwamba ni kituko kingine cha safari. Binti huyo alikuwa na bei, na si yeye aliyeipanga.

Filamu ya Hallström haiugusi ukurasa huo. Imejiweka mwaka 1753, kabla ya gereza na kabla ya Urusi, Casanova akiwa kijana mwenye uso wa Heath Ledger. Mwongozaji alijua ukurasa huo ukisomwa, kicheko kinakufa pale pale. Federico Fellini, Mwitalia, alikwenda njia nyingine mwaka 1976. Casanova wake, aliyechezwa na Donald Sutherland, ni mtu baridi anayefanya mapenzi kama mashine, na anaishia kucheza dansi na mwanasesere. Filamu hiyo ilipata Oscar ya mavazi, na anayeitazama hapati hamu ya kumwiga Casanova hata kidogo.

Kabla yao wote alikuwapo Don Juan, ambaye hakuwahi kuishi. Alipanda jukwaani Hispania mwanzoni mwa karne ya 17 kwa kalamu ya Tirso de Molina, Molière akamchukua mwaka 1665, Mozart akamtia kwenye opera mwaka 1787. Katika simulizi hizo sanamu ya mzee aliyeuawa naye huja mezani, humshika mkono na kumburuta hadi motoni. Watazamaji wa zamani walicheka saa mbili nzima, kisha wakaoneshwa mlipaji. Vichekesho vya siku hizi vimebaki na kile kicheko cha saa mbili, lile deni la mwisho vikaliacha.

Angalia jinsi filamu ya 2005 inavyolifuta deni. Waume wanaosalitiwa ni watu wa kuchekwa. Watawa waliotembelewa usiku hawana lalamiko. Adui pekee ni Askofu Pucci, na kwa kuwa Pucci ni mnafiki, sisi watazamaji tunajikuta upande wa mkosaji bila kuulizwa. Mtawala wa Venice anamwambia Casanova aoe haraka ili asalimike. Anachumbia binti aitwaye Victoria, kisha anampenda Francesca, kisha anajifanya yeye ndiye Papprizzio, na Papprizzio halisi anamlaza kwake akimdanganya kwa dawa za kupunguza unene. Kwa kawaida hapo wangekuwapo watu watatu wenye haki ya kulia. Lakini Victoria anaangukia kwa kaka yake Francesca, aliyekuwa akimtazama dirishani siku zote. Papprizzio anampenda mama mjane wa Francesca. Kaka mtu analirithi jina la Casanova, na Casanova mwenyewe anaondoka na mke wake. Hesabu imefungwa na hakuna anayedaiwa hata senti.

Sasa ilete hesabu hiyo Babati, mji ulio kati ya ziwa la viboko na Mlima Kwaraa, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Huku mambo yale yale yana majina ya kisheria. Kifungu cha 69 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu mtu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia. Kifungu cha 72 kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Na kabla ya mahakama wapo wazee. Katika jamii za wakulima na wafugaji zinazouzunguka mji huu, kesi ya ugoni mara nyingi huzungumzwa chini ya mti kabla haijapanda ngazi za mahakama ya mwanzo, na malipo huhesabiwa kwa mifugo. Mtoto anayekua akisikia mazungumzo hayo nyumbani hahitaji kufundishwa kwamba usiku mmoja wa mtu mmoja unaweza kupunguza zizi la ukoo mzima.

Kuna jambo jingine la hapa jirani ambalo naona lina uzito kuliko vifungu vyote viwili. Wabarbaig wa Hanang', kwenye mbuga zinazouzunguka Mlima Hanang', wana baraza la wanawake. Mtafiti wa Kimarekani George Klima aliandika habari zake mwaka 1964. Mwanamume akifanya kosa dhidi ya wanawake kama kundi, wanawake hukutana wenyewe, humsikiliza, humhukumu, na humtoza faini ya fahali. Akikaidi, laana ya akina mama humfuata, na hakuna mwanamume wa ukoo wake anayependa kuiona siku hiyo. Kwa hiyo humu humu mkoani ilikuwapo mahakama ambayo Venice ya mwaka 1753 haikuwa nayo, mahakama ya wanawake wenye kumkalia kitako mwanamume na kumtoza. Mwandishi yeyote wa vichekesho akijua hilo angelipia nauli kuja kulitazama. Casanova mbele ya Pucci ni mchezo rahisi, kwa sababu Pucci ni mnafiki na Casanova ana maneno matamu. Casanova mbele ya bibi arobaini wa Kibarbaig angeanza kutafuta fahali.

Je, basi filamu hii haitatuchekesha? Itatuchekesha, tena sana, ila kwa sehemu yake nyingine. Nguvu yake kubwa ni Francesca. Anavaa mavazi ya kiume akaingia kwenye ukumbi wa wasomi kubishana nao kuhusu akili za wanawake, na hawamtambui. Anashika upanga badala ya kaka yake, akapigana na Casanova bila Casanova kujua anapigana na nani. Na mbele ya mahakama, Casanova anapojitwika kosa la kuandika maandishi yale ili amwokoe, yeye anasimama na kusema mwandishi ni yeye. Wanahukumiwa kunyongwa wote wawili, na wanaokolewa na waigizaji wa kusafiri wanaojifanya wajumbe wa Papa wenye msamaha mkononi. Pale Francesca anapoongea, filamu ina moto. Anaponyamaza na kutazamwa tu, inalegea ikawa maonesho ya nguo.

Mwanamke huyu tunamjua. Mwaka 1969 Julius Nyerere, akiwa Rais, alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, miaka sita baada ya tafsiri yake ya Julius Caesar. Mji ni ule ule wa mifereji. Ndani yake Portia anavaa joho la mwanasheria, anaingia mahakamani akidhaniwa mwanamume, anamwokoa rafiki wa mumewe kwa hoja, kisha kwa hila ya pete anamtoa jasho mume mwenyewe. Ni kichekesho cha mapenzi cha Ulaya, cha zama za kale, chenye mavazi na vinyago, na kilisomwa kwa Kiswahili na watu wa nchi hii zaidi ya miaka thelathini kabla ya Hallström kwenda Venice na kamera. Aliyesoma Portia ameshapewa ufunguo wa Francesca.

Na Nyerere hakuwa peke yake. Mnafiki, tafsiri ya Tartuffe ya Molière, ilitoka mwaka 1973, na anayemjua mcha Mungu wa uongo wa tamthilia ile atamtambua Askofu Pucci kwa mwendo tu. Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Gogol, hadithi ya kijana mpenda anasa anayedhaniwa mkubwa wa serikali akachezea watu mjini huku akimtongoza mama na binti yake, ilipata Kiswahili katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Wakati ule tafsiri ilikuwa kazi ya waandishi na wachapishaji, na vitabu vilikaa kwenye maktaba za shule. Naona uchungu kwamba kazi hiyo ilipopoa, hakuna aliyetangaza kuwa imepoa. Iliachwa tu, ikaokotwa na watu wengine kwa chombo kingine.

Watu hao ni wasimulizi wa video. Aliyeufungua mlango Tanzania ni Derek Mukandala, ambaye mashabiki wanamjua kwa jina moja tu, Lufufu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake wengi. Kazi yao inafahamika kwa yeyote aliyewahi kuingia kibanda umiza. Mabenchi ya mbao yamebanana, madirisha yamezibwa, joto la watu linapanda, televisheni iko mbele juu ya kabati lenye kufuli. Sauti ya asili inashushwa, sauti ya msimulizi inapanda. Hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anaeleza nani ni nani, anampa steringi jina la mtaani, anamwonya adui, anajaza kimya kwa maneno yake mwenyewe, anawasemea wahusika mawazo ambayo mwongozaji hakuyafikiria, na watazamaji wanamjibu. Mazoea ya kumjibu msemaji hatukuyapata kwenye video. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mmoja anaighani na wengine wanaitikia, na aliyekulia kwenye mwitikio wa namna hiyo haoni ajabu kuongea na sauti inayotoka kwenye spika.

Babati ni mahali pazuri pa kuupima ufundi huu kwa sababu ya lugha zake. Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi, Kibarbaig ni cha Kinailoti, Kirangi ni cha Kibantu, na ukisogea kidogo upande wa kusini au wa magharibi unakutana na Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko. Familia hizi zote hukutana sokoni, na zinachekea Kiswahili. Kwa hiyo utani unaopita Babati umepita mtihani mgumu: umeeleweka na watu ambao nyumbani hawacheki kwa lugha moja.

Casanova ingemtesa msimulizi. Wengi wao hupenda filamu za ngumi, za bunduki na za Kihindi, ambako picha inajitosheleza na maneno yanatia chumvi tu. Kichekesho cha Ulaya cha aina hii kinategemea kauli. Mtu anasema hivi akimaanisha vile, mwenzake anajifanya hajaelewa, wa tatu ameelewa vibaya kweli. Ukishusha sauti ukasema tu kwamba jamaa anamtongoza demu, umeua kila kitu. Msimulizi hodari angelazimika kuwa mwandishi. Mchukue Papprizzio. Mafuta ya nguruwe Babati yana kicheko cha aina moja kwa Mkristo na cha aina nyingine kabisa kwa Mwislamu, na kwenye benchi moja wamekaa wote wawili. Mimi ningemfanya tajiri wa alizeti kutoka Singida, mwenye mashine zake tatu za kukamua, mwenye picha ya ujana wake aliyoituma ukweni ili unene usijulikane. Hapo kila mtu amemwona, maana kila mtu amewahi kumwona mfanyabiashara wa alizeti akishuka na gari lake mwezi wa mavuno. Francesca anayeozwa kwa mtu asiyemjua kwa sababu nyumba ina madeni hahitaji kubadilishwa hata nukta. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti aliye chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo. Watazamaji wetu wanalijua jambo hilo kwa majina ya dada zao.

Kuhusu uhalali, kazi ya wasimulizi imesimama pabaya. Filamu ni mali ya mtu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inasema hivyo, na kuweka sauti yako juu yake bila ruhusa hakuifanyi kuwa yako. Msimamo wangu ni kwamba ufundi wao ni wa thamani na mali wanayoitumia si yao, na vyote viwili ni kweli. Dawa ipo. Kuna filamu nyingi za zamani ambazo haki zake zimekwisha muda, vikiwemo vichekesho vya kimya vya Ulaya na Marekani, ambavyo vinamngoja msimulizi wa Kiswahili na havimdai mtu.

Wapo wanaosema watazamaji wetu hawana hamu na wigi na makoti ya mikia. Hilo lilishajibiwa. Azam TV ilipoirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kituruki ya Sultan, yenye habari za Sultani Suleiman na Hurrem wa karne ya 16, nyumba nyingi zilinyamaza kila ilipofika saa yake. Mavazi hayakuwa kizuizi wala karne haikuwa kizuizi. Mwaka 2011 TBC ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, na akina mama walibishana juu ya wakwe wa Beijing kama wanabishana juu ya jirani. Kinachowafungia watu nje ni lugha. Ikishafunguliwa, wanaingia.

Hapo ndipo linapobaki swali la mwisho, lile la kwetu wenyewe.

Mtongozaji yumo katika sanaa yetu, lakini karibu kila mara amekuja kama msiba. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, inamfuata binti aliyelelewa kwa ukali mpaka anaporomoka mikononi mwa wanaume mmoja baada ya mwingine, na anaishia kujiua. Ni kazi kubwa na ya kweli. Kezilahabi alikataa kumfanya msomaji acheke juu ya mwili wa Rosa, na alikuwa na haki.

Kisha mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii akaja Fataki. Matangazo ya redio yalimleta mtu mzima mwenye fedha anayewinda wanafunzi kwa zawadi na ahadi, na kila mara mtu wa karibu anaingilia kati, Fataki anaumbuka. Ni mtongozaji aliyejulikana kuliko wote katika historia ya utangazaji wetu, na alitufanya tucheke kweli. Watoto walimzomea mtaani kila mzee aliyeonekana na binti mdogo. Kwa upande wa hesabu, matangazo yale yalifanya kile ambacho Hallström hakukifanya: yalimlipisha mwanamume. Nayasifu kwa hilo. Upungufu wake naouona ni kwamba binti mwenyewe aliokolewa zaidi kuliko alivyosema. Mhusika mwenye maneno alikuwa Fataki, akifuatiwa na mwokozi. Portia wetu hakupewa joho.

Upande wa filamu za zama za kale tuna Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anakimbia ndoa na kukutana na Denge, kijana wa siasa za ukombozi. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Inaonesha kwamba tunaweza kuvisha waigizaji mavazi ya miaka sabini iliyopita, kupanga barabara na taa na muziki, na mtazamaji akaamini. Lakini ni filamu ya huzuni na mapambano. Mchekeshaji wetu mkubwa, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alicheza baba, mume, mlevi, bahili, mzee mpenda mabinti, karibu wote wakiwa watu wa leo, wa sebule ya leo. Vazi la kale tumelipa machozi, kicheko tumekipa fulana na kanga za mwaka huu. Huo mgawanyo hauna sababu. Hata katika miaka ya 1950, Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu za Kiswahili za kuchekesha kama Muhogo Mchungu, na leo filamu hizo zenyewe ndizo zama za kale.

Mkoa wetu una hadithi yake tayari. Kabla ya lami, Babati ilikuwa kituo kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, ile njia ya ndoto za wakoloni ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Ernest Hemingway alipita upande huu katika safari yake ya uwindaji ya 1933 hadi 1934 na akaitaja Babati katika kitabu chake cha mwaka 1935. Malori yalitoka Arusha, yakalala hapa, yakaendelea Kondoa, Dodoma na Iringa, na mvua zikizidi yalikwama siku kadhaa. Mpe mwandishi mzuri dereva wa lori wa mwaka 1955, mtanashati, mwenye redio ya mbao na kofia ya pama, mwenye mchumba Arusha, mchumba Babati na mchumba Kondoa, kila mmoja akimjua kwa jina tofauti. Mpe tajiri wa duka, mpe mmisionari, mpe karani wa Bwana Shauri wa serikali ya kikoloni, anayeandika barua za mapenzi za watu wote na kwa hiyo anajua siri za watu wote. Kisha mvua inyeshe, barabara ikatike, na wachumba watatu wakutane Babati siku moja. Wasimpiganie. Wakae pamoja, wakubaliane bei, na mbele yao wakae bibi wa Kibarbaig wanaojua kutoza fahali. Dereva ana lori na hana hata mbuzi. Atalipaje? Hapo mtu atacheka mpaka benchi litikisike, na hakuna binti aliyeuzwa ili tucheke.

Kazi hiyo haihitaji Venice. Inahitaji lori la zamani moja, mavazi, ruhusa ya Bodi ya Filamu, na mwandishi mvumilivu wa kusikiliza. Waliokuwa mabinti wakati malori yanalala Babati ni bibi zetu sasa, wengi wao wameshavuka miaka themanini. Ninyi mnaoandika filamu Manyara na Arusha, nendeni mkakae nao mwaka huu, kabla ya mvua zijazo, na msianze kwa kuuliza habari za madereva. Anzeni kwa kuwauliza wao walikuwa wakisema nini wakibaki peke yao.